Ngazi 199 na jile moja: siku yetu katika bandari ya Whitby



Mara nyingi ukurasa huu unawapeleka sokoni, shambani au katika lopitali ya kujifungulia. Juma hili tunawapeleka mbali zaidi, katika mji mdogo wa bahari huko kaskazini ya Uingereza unaoitwa Whitby. Wawili kati yetu tulikuwa tumealikwa na dada zetu Wakongomani wanaoishi Middlesbrough. Siku ya tano jioni, tulipokuwa tukiosha vyombo, wakatuambia: "Maduka mumeona ya kutosha. Kesho tunawapeleka fasi ambapo watu wanaishi kwa samaki kama kwenu."

Siku ya posho asubuhi tukapanda treni, wamama wanne na binti mmoja wa miaka tisa. Safari inachukua karibu saa moja na nusu. Treni inafuata bonde la mto Esk polepole, ikipita kondoo, kuta za mawe na vijiji vidogo. Tulikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, kwa maana mama hasafiri mikono mitupu. Tuliposhuka, bahari ilikuwa karibu sana na upepo ulikuwa baridi hata kama jua liliwaka. Mji wote wa zamani unatembelewa kwa miguu, na tuliutembea toka asubuhi mpaka jioni.

Mto unaogawa mji

Whitby umejengwa pande mbili za mto Esk, pale mto unapoingia katika Bahari ya Kaskazini. Upande wa mashariki ndio mji wa zamani, wenye njia nyembamba za mawe na nyumba za paa jekundu zilizobanana kama wamama kwenye benchi ya kanisa. Upande wa magharibi kuna gati la wavuvi, maduka na hoteli. Katikati kuna daraja lililojengwa mwaka wa 1908. Bato refu likitaka kupita, daraja linajigeuza pembeni kama mlango, na watu wa pande zote mbili wanasimama kungoja. Nasi tulingoja. Hakuna aliyekasirika.

Jambo la kwanza lililotushangaza lilikuwa maji. Sisi ni watu wa ziwa. Ziwa letu linaweza kuchafuka, lakini halikimbii. Bahari ile inajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Tulipofika asubuhi, mashua kadhaa zilikuwa zimelala kwenye matope, zimeinama upande kama ng'ombe aliyechoka. Tuliporudi saa tisa mchana, mashua zilezile zilikuwa zinaelea juu sana, karibu na ukingo wa gati. Ndiyo sababu mvuvi wa huko anasoma saa za maji kabla ya kusoma saa ya mkononi. Akikosea, anabaki nje ya bandari akiitazama nyumba yake.

Mbele kabisa, kuta mbili ndefu za mawe zinaingia baharini kama mikono miwili inayopokea mtoto. Kila moja ina mnara wa taa: ule wa magharibi ni wa mwaka wa 1831, ule wa mashariki ni wa 1855. Kati ya mikono hiyo ndipo mlango wa bandari. Mbali na hapo tutarudi baadaye, kwa sababu ndipo jambo kubwa la siku yetu lilipo.

Kapitene na mama aliyebaki

Tulivuka daraja na kuingia katika njia ndogo iitwayo Grape Lane. Pale kuna nyumba ya zamani ya John Walker, tajiri wa meli. Mwaka wa 1746 alimpokea kijana mmoja wa miaka 17 au 18 aliyezaliwa Marton, fasi ambayo leo ni sehemu ya Middlesbrough. Kijana huyo alikuja kujifunza kazi ya meli za makaa ya mawe. Jina lake James Cook. Baadaye alizunguka dunia, akachora ramani za New Zealand na pwani ya mashariki ya Australia, na meli yake Endeavour ilikuwa imejengwa hapohapo Whitby mwaka wa 1764, kwanza kwa kubeba makaa. Sanamu yake imesimama juu ya kilima cha magharibi, inatazama bahari.

Watu wa inchi alizozifikia wana habari yao wenyewe juu ya safari zile, na si yote ni ya furaha. Lakini sisi wamama tuliuliza swali lingine: mke wake je? Dada yetu mmoja alikuwa amesoma juu yake. Aliitwa Elizabeth, na hakuishi Whitby, aliishi London. Alizaa watoto sita. Watatu walikufa wakiwa wadogo sana. Mume wake aliuawa Hawaii mwaka wa 1779. Kati ya wavulana watatu waliobaki, wawili walikufa majini, wote wakiwa watumishi wa jeshi la bahari, na mmoja alikufa kwa homa akiwa mwanafunzi. Elizabeth aliishi mpaka mwaka wa 1835, akafikisha miaka 93. Alikuwa mjane kwa miaka 56, na watoto wote sita alikuwa amewazika au kuwalilia.

Tulisimama pale mbele ya nyumba kwa muda. Sanamu ya kapitene inaonekana toka mbali. Sanamu ya mama hatukuiona popote.

Wamama wa samaki

Kutoka hapo njia kuu ya mji wa zamani, Church Street, inaelekea kwenye ngazi maarufu. Kabla ya kupanda, pua zetu zilitukamata. Ilikuwa harufu ya nyumbani: moshi wa kuni na samaki. Tukaifuata mpaka Henrietta Street, kwenye kijumba cheusi ambamo ukoo wa Fortune umekausha samaki kwa moshi tangu mwaka wa 1872. Wanapasua samaki aina ya heringi mgongoni, wanamtia katika maji ya chumvi, kisha wanamning'iniza juu ya moto wa kuni za mwaloni unaofuka polepole. Samaki anatoka na rangi ya dhahabu.

Tulinunua wawili, tukala kwa vidole na chapati zetu. Mmoja wetu, ambaye amekausha sambaza na samaki wengine kwa miaka mingi, alionja, akafumba macho, akasema: "Chumvi iko sawa. Lakini pilipili hawaijui." Ndege wakubwa weupe wa bahari walituzunguka, na mmoja alimnyang'anya binti yetu kipande mkononi kama mwizi wa soko.

Zamani, heringi wengi walivuliwa katika bahari ile wakati wa kiangazi. Nyuma ya mashua walikuja wanawake. Wasichana na wamama walitoka Scotland na kushuka bandari kwa bandari, wakifuata samaki. Walifanya kazi watatu watatu: wawili walitumbua samaki kwa kisu kifupi, wa tatu aliwapanga katika pipa pamoja na chumvi. Walifunga vidole vyao kwa vitambaa, kwa sababu kisu kilikata na chumvi ilichoma kidonda. Pale ambapo mikono ilipumzika kidogo, walifuma triko.

Wanawake wa Whitby wenyewe na wa vijiji vya karibu walikuwa na kazi nyingine iliyofanya mashua ziweze kutoka. Walishuka kwenye miamba maji yakipwa, wakabandua konokono wa bahari mmoja mmoja, wakawabeba katika vikapu, wakarudi kuwatia katika ndoana. Kamba moja ya kuvulia ilikuwa na ndoana mamia. Mwanaume akirudi na samaki, kesho yake ndoana zilihitaji chambo tena. Mpiga picha mmoja wa mji, Frank Sutcliffe, aliyeishi toka 1853 mpaka 1941, aliwapiga picha watu hao wakiwa kazini, na picha zake bado zinaonekana mjini. Tulizitazama nyuso za wanawake wale: mashuka ya kichwa, mikono minene, vikapu. Tungewakuta sokoni kwetu, tungewasalimu tu.

Na triko zao! Walizifuma kwa sindano tano, kwa uzi wa sufu uliobanwa sana ili upepo na maji visipite haraka. Kila kijiji kilipenda michoro yake: kamba, ngazi, nyavu, mawimbi. Watu husimulia kwamba mvuvi akitupwa na bahari mbali na kwao, triko yake ilisema anatoka wapi. Ikiwa ni kweli kila mara au si kweli, fikirini mama anayefuma huku akijua kwamba hadithi hiyo inasimuliwa.

Ngazi 199

Ngazi za kwenda juu ni 199. Zamani zilikuwa za mbao, leo ni za mawe. Kila mgeni anazihesabu, na kila mgeni anapata hesabu yake. Binti yetu alipata 199. Mama mmoja alipata 196 akasema tatu ziliibiwa. Njiani kuna mahali papana penye benchi. Tulidhani ni za wazee kupumzikia. Tukaambiwa kwamba ziliwekwa kwa ajili ya wale waliobeba majeneza, ili walitue kidogo kabla ya kuendelea, kwa maana makaburi yalikuwa juu.

Juu kuna kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo lilianza kujengwa karibu mwaka wa 1110. Ndani linafanana na meli: dari ya mbao, ghala za juu za kukalia, na viti vilivyofungwa kama vyumba vidogo, kila kimoja na mlango wake. Watu wanawasha mishumaa wakati wa ibada. Mimbari ina ghorofa tatu. Nyuma yake tuliona mirija miwili ya kusikilizia. Mke wa mchungaji mmoja wa zamani alikuwa kiziwi, basi waliweka mirija hiyo ili sauti ya mahubiri imfikie pale alipoketi. Tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Kanisa zima lilijengwa kwa kila mtu, na mtu mmoja alikumbukwa kwa mrija.

Nje, makaburi yametazama bahari na chumvi imekula majina. Mwandishi Bram Stoker alikaa Whitby mwaka wa 1890, na akaingiza makaburi haya katika kitabu chake cha kutisha, Dracula. Vijana wengi wanakuja leo kwa ajili hiyo, wamevaa nguo nyeusi. Sisi tulitishwa na kitu kingine. Kilima kinakatika. Mwishoni mwa mwaka wa 2012, baada ya mvua nyingi, udongo uliteleza chini ya kanisa, nyumba kadhaa hapo karibu zikabomolewa, na mifupa ya watu wa zamani ikaonekana kwenye udongo. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa maneno haya. Tulidhani udongo unaokimbia ni ugonjwa wa kwetu peke yetu.

Mama Hilda

Nyuma ya kanisa kuna magofu makubwa ya abasia. Kuta ndefu hazina paa, madirisha hayana vioo, na mbingu zinaonekana katikati. Jengo hili liliachwa mwaka wa 1539, wakati Mfalme Henry wa Nane alipofunga nyumba za watawa. Desemba 1914 meli za vita za Wajerumani ziliupiga mji kwa mizinga, na abasia ikaumizwa tena.

Lakini mwanzo wake ni wa zamani zaidi. Mwaka wa 657 mwanamke aitwaye Hilda alianzisha hapo nyumba ya watawa. Wanaume na wanawake waliishi humo chini ya uongozi wake yeye mwanamke. Wafalme walikuja kumwomba shauri. Wanaume watano waliosomea katika nyumba yake walikuwa maaskofu. Mwaka wa 664 viongozi wa kanisa walikutana kwake kuamua tarehe ya Pasaka, kwa sababu wengine walifuata desturi ya watawa wa Ireland na wengine ya Roma. Roma ikashinda. Hilda mwenyewe alikuwa upande wa Ireland, lakini alikubali uamuzi na akaendelea kulinda watu wake wasigawanyike. Mtawa Beda, aliyeandika historia ya wakati ule, anasema wote waliomjua walimwita mama.

Habari tuliyoipenda zaidi ni ya Kaedmoni, mchungaji wa ng'ombe. Katika karamu, kinubi kilipozunguka na kila mtu kuimba, yeye alitoka nje kwa haya kwa kuwa hakujua kuimba. Usiku mmoja alilala zizini, akaota mtu anamwambia aimbe. Asubuhi alikuwa na wimbo. Walipomleta mbele ya Hilda, hakumwuliza amesoma wapi. Alimsikiliza, akaamuru afundishwe Maandiko, akampokea katika nyumba. Leo Wangereza wanamtaja mchungaji yule kuwa mshairi wa kwanza wa lugha yao anayejulikana kwa jina. Tujiulize, wamama: katika vikundi vyetu, ni nani anatoka nje kila mara zamu ya kusema inapomfikia?

Tarehe 9 Februari 1861

Tukashuka ngazi, tukavuka daraja tena, tukatembea kwenye ukuta wa magharibi mpaka kwenye mnara wa taa. Hapo ndipo tulisimuliwa habari ya mashua ya kuokoa.

Tarehe 9 Februari 1861 kulikuwa na tufani kali katika pwani yote ile. Meli moja baada ya nyingine zilitupwa karibu na Whitby. Watu 13 wa mashua ya kuokoa walitoka kwa makasia, wakawaleta mabaharia inchi kavu. Wakatoka tena. Mara tano walitoka, mara tano walirudi. Walikuwa wamelowa, wamechoka, na wake zao walikuwa wakiwaona toka ukutani. Mara ya sita, wimbi liliipindua mashua. Ilikuwa karibu sana, karibu hata watu wa ukutani kuwatambua. Walirusha kamba. Haikusaidia. Watu 12 walikufa mbele ya macho ya jamaa zao.

Mmoja alipona. Jina lake Henry Freeman. Alikuwa amefanya kazi ya kufyatua matofali kabla ya kuwa mvuvi, na siku ile ilikuwa siku yake ya kwanza katika mashua ya kuokoa. Hakuwa na nguvu kuliko wengine, wala ujuzi kuliko wengine. Alikuwa amevaa jile ya namna mpya, iliyotengenezwa kwa vipande vya koki, lile gome jepesi linaloziba chupa za divai. Wenzake hawakuwa nayo. Freeman akaendelea na kazi ileile kwa miaka mingi sana, akawa kiongozi wa mashua, na alipokufa mwaka wa 1904 alikuwa ameshiriki kuokoa mamia ya watu. Sutcliffe alimpiga picha akiwa mzee mwenye ndevu, amevaa jile yake ya koki. Picha hiyo iliwafundisha watu wengi kuliko mahubiri.

Binti yetu wa miaka tisa alikuwa amesikiliza kimya. Akauliza: "Na juu ya nini wengine hawakuvaa?"

Dada alijibu kwamba ilikuwa kitu kipya, na watu huchelewa kuamini kitu kipya. Mtoto akasema: "Lakini kwetu si kipya."

Hatukuwa na jibu.

Nje kidogo ya Whitby, miaka 53 baadaye, tarehe 30 Oktoba 1914, meli ya lopitali iitwayo Rohilla ilipanda miamba usiku. Ilikuwa na watu 229. Wakaaji wa Whitby waliiburuta mashua ya kuokoa kwa mikono, wakaipitisha juu ya ukuta na juu ya mawe, kwa sababu bahari ilikuwa imefunga njia ya kawaida. Safari ya kwanza ilileta watu 17, na kati yao wanawake wote watano waliokuwa ndani. Mmoja wa wanawake hao, Mary Roberts, alikuwa pia ameponea katika Titanic miaka miwili mbele. Kazi iliendelea siku tatu katika mawimbi. Watu 144 waliokolewa, 85 walikufa. Mwishoni ilikuja mashua yenye motere, na toka siku ile hakuna tena aliyebisha kwamba motere ni bora kuliko makasia.

Mashua ya kuokoa ipo Whitby mpaka leo. Shirika lake lilianza mwaka wa 1824, na linaishi kwa michango ya watu. Wengi wanaotoka baharini ni watu wa kujitolea: mtu anauza duka, simu inalia, anafunga duka na kukimbia. Kwenye meza ya duka moja la mikate tuliona kopo dogo la michango lenye umbo la mashua. Tukatia sarafu zetu.

Rangi nyeusi

Kabla ya treni, tulipita kwenye maduka ya mapambo. Whitby inajulikana kwa jiwe jeusi liitwalo jeti. Kwa kweli si jiwe, ni mti wa zamani sana uliolala chini ya bahari mpaka ukawa mgumu. Malkia Victoria alipofiwa na mume wake Desemba 1861, alivaa nguo nyeusi na mapambo ya jeti, na wanawake wa inchi nzima wakamwiga. Kazi ya kuchonga jeti ikawapa mkate watu zaidi ya elfu moja katika mji huu. Ulikuwa mwaka uleule wa mashua ya kuokoa. Wajane wa Whitby hawakuhitaji malkia kuwafundisha kuvaa nyeusi.

Tusiseme kwamba mji ule hauna shida leo. Nyumba nyingi za wavuvi zimenunuliwa na watu wa mbali wanaokuja kupumzika tu, na watoto wa mji hawapati pa kukaa. Mwaka wa 2022 zaidi ya wakaaji 2,000 walipiga kura wakisema nyumba mpya ziwe za watu wanaoishi humo mwaka mzima. Na mwishoni mwa 2021 kaa na kamba wa bahari wengi walikufa katika pwani ile, wavuvi wakapoteza mapato yao, na mabishano juu ya sababu yalikuwa makali. Uzuri wa mji haujazi sufuria.

Tulichorudi nacho

Katika treni, mtoto alilala juu ya mapaja yetu, na swali lake lilikuwa macho. Kwetu si kipya.

Tarehe 3 Oktoba 2024 bato lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu waliokuwa inchi kavu waliliona likizama. Kama kule Whitby: karibu hata kutambua nyuso. Wengi wetu tulijua mtu ndani yake. Na kabla ya siku ile tulikuwa tumelia, na baada yake pia. Katika kikundi chetu kuna wamama ambao ziwa limewafanya wajane, na kuna mama ambaye ziwa lilimchukulia mtoto.

Hatuna uwezo wa kubadilisha kila bato wala kila njia iliyofungwa. Lakini tuseme ukweli kati yetu. Mara ngapi tumepewa jile tukaikalia kama mto? Mara ngapi tumesema inachafua kitenge, inaharibu nywele, inanuka, safari ni fupi? Mara ngapi tumeona jile zimefungwa kwa kamba nyuma ya bato, na hakuna mama hata mmoja aliyesema zifunguliwe?

Tuliporudi tulileta jambo hili katika mkutano, na wamama wakabishana vizuri. Mmoja alisema jile ni ya matajiri. Mwingine akamjibu kwamba tunachanga kwa likelemba ili kununua vitambaa vya sikukuu, basi tunaweza kuchanga kwa pumzi. Mwisho tulikubaliana mambo manne, na tunawaomba vikundi vingine viyazungumze:

Kwanza, kila mama wa kikundi anayevuka ziwa kwa biashara atakuwa na jile yake mwenyewe. Kila mwezi zamu moja ya likelemba itanunua jile, mpaka wote wapate.

Pili, mtoto awe na jile ya kipimo chake. Jile ya mtu mkubwa inamtoka mtoto kichwani akianguka majini. Kabla ya kununua, mvalisheni, fungeni mikanda yote, kisha vuteni mabega ya jile juu. Ikipanda mpaka masikioni, si yake.

Tatu, jile inavaliwa kabla ya bato kuondoka, na kufungwa mpaka mwisho. Jile iliyo mkononi wakati wa wimbi ni mzigo tu.

Ine, tukiona bato limejaa kupita kiasi, tutashuka pamoja. Mama mmoja akishuka, wanamcheka. Wamama kumi wakishuka na mizigo yao, mwenye bato anahesabu upya.

Mama aliyekausha sambaza kwa miaka mingi, yule aliyesema Wangereza hawajui pilipili, alikuwa wa kwanza kupewa jile. Hakuipenda rangi yake. Siku ya pili alivuka nayo kwenda sokoni, amefunga mikanda yote, kitenge chini, kikapu kichwani. Wanaume wa bandarini walimwita "askari". Aliwajibu: "Ndiyo, na ninyi muvae. Nani atanunua samaki zangu mukikufa?"

Tunawatakia juma jema, pamoja na watoto wenu. Yeyote anayevuka, avuke salama.